Mechi yako imehamia wapi? Jinsi haki za kuonyesha mpira zinavyouzwa, na jinsi ya kulinda pesa yako

Pengine imeshakutokea. Umemaliza shughuli mapema, umelipa kiingilio kwenye kibanda cha video, umepata nafasi kwenye benchi la mbele, halafu mechi haionekani. Chaneli ni ileile ya msimu uliopita na mwenye kibanda amelipia kifurushi, lakini kwenye skrini kuna mchezo mwingine kabisa. Watu wanaanza kumlaumu. Wengine wanadai pesa yao. Kijana mmoja anasema ana linki ya kutazama bure, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya mapumziko watu kadhaa wameshaweka namba zao za simu kwenye tovuti wasiyoijua.

Mara nyingi mwenye kibanda hana kosa. Mechi imehama kwa sababu haki ya kuionyesha imeuzwa kwa kampuni nyingine. Makala hii inakueleza haki hizo ni nini, kwa nini zinahama, na ufanye nini ili usipoteze pesa yako kwenye dekoda isiyokufaa, bando linaloisha kabla ya mechi, au linki ya matapeli. Inawahusu wakimbizi na wenyeji sawasawa, kwa sababu kwenye kibanda wote hukaa benchi moja na kulipa kiingilio kilekile.

Haki ya kuonyesha mechi ni nini?

Mwenye mashindano ndiye mwenye haki ya picha zake. Ligi Kuu ya Uingereza ni mali ya klabu 20 zinazoshiriki. Michuano ya mataifa ya Afrika, AFCON, ni ya shirikisho la mpira la Afrika, CAF. Kombe la Dunia ni la FIFA. Televisheni yoyote inayotaka kuonyesha mechi hizo lazima inunue ruhusa kwa mwenyewe.

Ruhusa hiyo haiuzwi yote kwa mkupuo. Ni kama mtu anayekodisha shamba lake kubwa: huyu anapewa kipande cha mtoni, yule cha mlimani, kila mmoja na makubaliano yake. Kwa mpira, kuna mambo manne yanayoandikwa kwenye mkataba:

- Wapi. Kampuni hununua haki ya nchi fulani au kundi la nchi. Anayeruhusiwa kuonyesha Uganda na Kenya si lazima awe ndiye anayeruhusiwa Kongo na Burundi.
- Kwa njia gani. Kuonyesha kwa dishi la kulipia, kwa antena ya bure, kwa intaneti, au kutangaza kwa redio ni haki tofauti. Wakati mwingine hata lugha ya utangazaji huuzwa peke yake.
- Kwa matumizi gani. Kutazama nyumbani na familia ni jambo moja. Kuonyesha mbele ya watu wanaolipa ni jambo jingine.
- Hadi lini. Mikataba mingi ya ligi kubwa ni ya miaka 3 au 4. Ikiisha, mnada unaanza upya.

Yakumbuke maswali haya manne. Karibu kila tatizo la mechi kutoonekana linatokana na moja kati ya hayo.

Kwa nini bei inapanda kila mara?

Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza mwaka 1992, mkataba wake wa kwanza wa televisheni ndani ya Uingereza ulitangazwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka 5. Mkataba wa sasa wa ndani ya nchi hiyo, ulioanza 2025 na kuisha 2029, ni wa pauni bilioni 6.7 kwa miaka 4. Ukigawa kwa mwaka, ni kutoka takriban pauni milioni 61 hadi karibu bilioni 1.7.

Hapo hatujahesabu sisi wa nje. Kuanzia msimu wa 2022/23, pesa ambayo ligi hiyo inapata kwa kuuza haki katika nchi nyingine ilizidi ile inayopata nyumbani. Kiingilio unacholipa kibandani kimo humo: mwenye kibanda analipia kifurushi, kampuni ya televisheni inainunua ligi, na ligi inazigawia klabu. Bei ya haki ikipanda huko juu, kifurushi kinapanda, na mwisho wake ni kiingilio cha benchi.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Mechi nyingi za Jumamosi zinazoanza saa tisa alasiri kwa saa za Uingereza hazionyeshwi mubashara ndani ya Uingereza kwenyewe. Ni kanuni ya tangu miaka ya 1960, iliyowekwa ili watu waende viwanjani badala ya kubaki nyumbani. Huku kwetu, mechi hizohizo huanza saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni kutegemea majira ya kule, na zinaweza kuonekana. Kwa hiyo jirani yako wa Nakivale au Kakuma anaweza kutazama mechi ambayo mkazi wa jiji la timu yenyewe haruhusiwi kuiona kwenye televisheni yake. Hilo ndilo swali la "wapi".

Mechi inahama kwa sababu gani?

*Haki imenunuliwa na kampuni nyingine.* Mfano mzuri ni AFCON iliyochezwa Côte d'Ivoire kuanzia tarehe 13 Januari 2024. Siku chache kabla ya kuanza, SuperSport, ambayo wapenzi wengi wa mpira wa Afrika Mashariki waliizoea, ilitangaza kwamba haitaonyesha michuano hiyo. Haki za nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimechukuliwa na New World TV, kampuni ya Togo. Watu waliokwisha kulipia vifurushi walichanganyikiwa. Baadaye, muda mfupi kabla ya mechi ya ufunguzi, pande hizo mbili zilikubaliana na SuperSport ikaonyesha. Aliyekimbilia kununua dekoda mpya wiki ile kwa hofu alitumia pesa ambayo hakuhitaji kuitumia. Aliyesubiri aliokoa.

*Kampuni yenyewe imenunuliwa.* Mwezi Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa, inayojulikana sana kwa Wakongomani na Warundi, ilikamilisha kuichukua MultiChoice ya Afrika Kusini, yenye DStv, GOtv na SuperSport. Kampuni mbili zilizokuwa zikishindana sasa ziko chini ya mwenye mali mmoja. Mabadiliko ya namna hii huleta kupangwa upya kwa chaneli, vifurushi na bei. Kwa hiyo usichukulie kwamba kifurushi cha mwaka jana bado kina kilekile kilichokuwemo. Uliza kabla ya kulipa.

*Mkataba umevunjika.* Mwaka 2017 SuperSport ilijiondoa kwenye ligi kuu ya Kenya baada ya mvutano kuhusu kuongeza idadi ya timu hadi 18. Klabu zilizotegemea pesa ile zilibaki na shida, na mashabiki wakabaki bila mechi kwenye televisheni. Mnunuzi mkubwa akiondoka, ligi ndogo haina pa kukimbilia haraka.

*Ligi ya nyumbani imepata mnunuzi wake.* Hii ndiyo habari njema. Mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la mpira la Tanzania walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi za Tanzania bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu ya nchi hiyo. Nchini Uganda, StarTimes ilisaini mkataba wa miaka 10 na ligi kuu mwaka 2018. Leo Simba na Yanga zinafuatwa mbali sana nje ya Tanzania, na sababu moja ni kwamba mechi zao zinaonyeshwa mara kwa mara, kwa Kiswahili, kwenye dekoda isiyo ya bei ya juu kabisa. Kama unasikia Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza, huu ni mpira unaoweza kuufuata pamoja na wazazi wako.

Nilikuja na dekoda kutoka nyumbani. Mbona haifanyi kazi?

Swali hili huulizwa sana na waliovuka mpaka wakiwa na dekoda, au walioletewa na ndugu kutoka Goma, Bukavu, Uvira au Bujumbura.

Satelaiti haioni mpaka. Mawimbi yake yanaweza kutua Kivu na Uganda kwa pamoja. Ndiyo maana ukilitegesha dishi vizuri, dekoda ya upande wa pili wakati mwingine hushika picha. Lakini mkataba wa kampuni unauona mpaka. Kampuni iliyonunua haki ya Kongo imeruhusiwa kuwauzia wateja walioko Kongo, na masharti ya kadi yako kwa kawaida yanasema itumike katika nchi ilikosajiliwa. Kampuni ikigundua inatumika kwingine, inaweza kuifunga, na pesa ya mwezi huo hairudi.

Kuna hatari nyingine ya kawaida zaidi: malipo. Ili kuilipia dekoda hiyo, watu humtumia pesa mtu wa katikati upande wa pili wa mpaka. Akichelewa, akibadilisha namba au akipotea, huna pa kumshtaki. Kabla ya kutuma pesa kwa njia hiyo, piga hesabu: ada ya kutuma, faida ya mtu wa katikati, na uwezekano wa kufungiwa. Mara nyingi dekoda ya nchi uliyopo, inayolipiwa kwa simu yako mwenyewe, inatoka nafuu kuliko inavyoonekana.

Ukinunua dekoda iliyokwisha kutumika sokoni, muombe muuzaji mambo mawili kabla ya kutoa pesa: aiwashe uione inafanya kazi, na mwende pamoja kwa wakala ili ihamishiwe kwa jina lako. Dekoda yenye jina la mtu mwingine inaweza kuwa na deni, au ya wizi.

Je, mpira unahamia kwenye simu?

Ndiyo, na kwa kasi. Zamani wanunuzi wa haki walikuwa televisheni tu. Sasa kampuni za intaneti zimeingia mnadani. Apple ilichukua mechi zote za ligi ya Marekani, MLS, kuanzia 2023 kwa mkataba ambao mwanzoni ulikuwa wa miaka 10, tena kwa dunia nzima badala ya nchi moja moja. Amazon inaonyesha sehemu ya mechi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya nchini Uingereza tangu 2024. Netflix, iliyojulikana kwa filamu, imenunua haki za Marekani za Kombe la Dunia la Wanawake la 2027 na 2031. Kombe la Dunia la Klabu la 2025, lenye timu 32 na mechi 63, lilionyeshwa lote na DAZN kwa intaneti, bure kwa aliyejisajili kwa barua pepe.

Mfano huo wa mwisho unaonyesha kwamba "bure" ipo na inaweza kuwa halali. Kampuni inakuonyesha bila malipo ili ipate wateja na iuze matangazo. Lakini kwa mtu wa kambini au makazini, bure ya intaneti ina gharama yake, nayo ni bando.

Hesabu ni hii. Kutazama video ya ubora wa kawaida hula karibu GB 1 kwa saa. Mechi pamoja na mapumziko ni kama saa mbili, yaani karibu GB 2. Ukitazama kwa ubora wa juu, inaweza kufika GB 3 kwa saa, karibu GB 6 kwa mechi moja. Linganisha na bei ya bando lako. Kwa watu wengi, mechi moja ya ubora wa juu kwenye simu ni ghali kuliko viingilio kadhaa vya kibanda.

Ukiamua kutazama kwa simu, fanya hivi:

- Ingia kwenye mipangilio ya programu na upunguze ubora wa picha kabla ya mechi kuanza. Programu nyingi hupandisha ubora zenyewe zikiona mtandao ni mzuri.
- Zima programu nyingine zinazojisasisha kwa siri, maana nazo hula bando.
- Angalia kama bando lako ni la kila kitu au la mitandao ya kijamii tu. Bando la WhatsApp halitakuonyesha mechi.
- Usishangae jirani mwenye dishi akishangilia goli kabla yako. Picha za intaneti huchelewa, mara nyingi kwa nusu dakika au zaidi.

Linki za bure: mtego uko wapi?

Kuna tovuti na programu zinazoonyesha mechi bila kununua haki. Hiyo ni kinyume cha sheria za hakimiliki za nchi zetu, na wenye haki wanazifuatilia. Mwaka 2025 Streameast, mtandao mkubwa wa namna hiyo, ulifungwa na watu wawili wakakamatwa nchini Misri. Ulikuwa na anwani 80 na ulitembelewa zaidi ya mara bilioni 1.6 kwa mwaka.

Lakini kwako msomaji, hatari ya karibu zaidi ni simu yako. Mwizi wa picha haishi kwa kukupa mpira. Anaishi kwa kile anachokipata kutoka kwako. Angalia dalili hizi:

- Unaambiwa upakue programu nje ya duka rasmi la programu. Halafu programu inaomba ruhusa ya kusoma SMS zako. Mpira hauhitaji kusoma SMS. Anayeisoma SMS yako anaweza kuona namba ya siri ya muda inayotumwa na benki, WhatsApp au huduma ya pesa ya simu, na kuitumia kuingia kwenye akaunti yako.
- Unaambiwa uweke namba ya simu ili "kuthibitisha umri". Unaweza kujikuta umesajiliwa kwenye huduma inayokata salio kila siku. Ukiona salio linapungua bila sababu, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako na uombe waondoe usajili wote usioujua.
- Unaambiwa usambaze linki kwa watu 10 ndipo mechi ifunguke. Haitafunguka. Wewe umegeuzwa mjumbe wao, na walioamini ni ndugu na majirani waliokuona wewe ndiye uliyetuma.
- Unauziwa kiboksi "chenye chaneli zote za dunia" kwa malipo ya mara moja. Hakuna kampuni halali inayoweza kufanya hivyo, kwa sababu haki zinalipiwa upya kila mkataba. Mtambo wa mwizi ukifungwa, kiboksi chako kinabaki kama jiwe la kuzuia mlango.
- Unaombwa PIN ya pesa ya simu. Hapo simama. Hakuna mechi, mashindano wala zawadi inayohitaji PIN yako.

Kama umeshaingia mtegoni, usione haya. Badilisha PIN mara moja, piga simu kwa mtandao wako uombe akaunti izuiwe kwa muda, ondoa programu uliyopakua, na uwaonye watu kwenye kundi ulikosambaza linki. Kama pesa imeibiwa, peleka taarifa polisi na uchukue namba ya taarifa hiyo. Mtandao wa simu unaweza kuiomba. Kama huna uhakika wa kueleza kwa lugha ya ofisini, nenda na mtu unayemwamini akutafsirie, lakini PIN mpya usimwambie.

Wewe ni mwenye kibanda. Ujue nini?

Kibanda cha mpira ni biashara ya kweli. Kuna dishi, jenereta au sola, mabenchi, na kijana anayekusanya kiingilio. Kwa familia nyingi ndicho chanzo cha ada ya shule. Ndiyo maana ni vizuri ujue sheria inasemaje kabla hujawekeza zaidi.

Kwanza, kifurushi cha nyumbani kimeuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Ukikionyesha kwa watu wanaolipa, umetoka nje ya masharti, na kampuni inaweza kukata huduma. Kampuni kubwa zina vifurushi vya biashara kwa ajili ya baa, hoteli na kumbi. Kwa kibanda kidogo bei yake inaweza kuwa nzito, lakini uliza kwa wakala rasmi kabla ya kudhani huiwezi, na uliza kama ukubwa wa ukumbi unabadilisha bei.

Pili, kila nchi ina sheria yake ya hakimiliki na utaratibu wa leseni. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006, na Tume ya Mawasiliano, UCC, ndiyo inayosimamia leseni za vibanda vya video. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyorekebishwa 2019, na vibanda vya video huombewa leseni kwenye bodi ya filamu, KFCB. Tanzania ina sheria yake ya hakimiliki ya 1999. Ndani ya makazi au kambi, biashara pia inahitaji kujulikana na ofisi inayosimamia wakimbizi. Anza kwa kuuliza hapo: kwa Uganda ni Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, na kwa Kenya ni Idara ya Huduma za Wakimbizi. Dai risiti kwa kila malipo. Mtu anayekuja kudai "faini ya dekoda" bila kitambulisho wala risiti, muombe mwende naye ofisini.

Tatu, waambie wateja wako ukweli mapema. Mwanzoni mwa msimu, andika kwenye ubao wa nje: mashindano yapi yapo kwenye kifurushi chako, na yapi hayapo. Mechi ikikosekana, rudisha kiingilio au wape watu nafasi kwenye mechi inayofuata. Mteja aliyerudishiwa pesa leo anarudi kesho. Aliyedanganywa anaondoka na wenzake watano.

Njia nafuu na halali za kufuata mpira

*Televisheni ya taifa.* Kwenye mashindano makubwa kama AFCON na Kombe la Dunia, televisheni za bure kwa kawaida hupata angalau baadhi ya mechi, hasa za timu ya nchi hiyo na za mwisho. Angalia UBC, KBC, TBC, RTNC au RTNB kulingana na ulipo. Unahitaji antena na televisheni ya dijitali, au dekoda ya bure isiyo na malipo ya mwezi. Tatizo la makazi mengi ni umbali wa mnara, kwa hiyo muulize jirani mwenye antena inashika nini kabla ya kununua yako.

*Redio.* Hailingi bando wala umeme mwingi. Kwa mechi za timu ya taifa na ligi za ndani, redio za nchi na za jamii bado zinatangaza, na betri mbili zinatosha kijiji kizima cha mashabiki chini ya mti mmoja.

*Muhtasari rasmi.* Ligi, klabu na CAF huweka magoli kwenye kurasa zao rasmi za YouTube baada ya mechi. Dakika 3 za magoli hula sehemu ndogo sana ya bando kuliko saa mbili za mechi. Hakikisha ni ukurasa rasmi wenye alama ya kuthibitishwa.

*Changeni.* Nyumba tano zinazotazama kila mtu kwa bando lake zinalipa mara tano. Kiingilio cha kibanda halali kinaweza kuwa nafuu kuliko wote.

Kabla ya kulipa, uliza maswali manne

Unapotaka kulipia kifurushi, kununua dekoda au kujisajili kwenye programu, muulize wakala, na umuombe akuonyeshe kwenye orodha rasmi badala ya kukuambia kwa mdomo tu: Mashindano ninayoyataka yapo katika nchi hii niliyopo? Yapo kwa njia hii, dishi au simu? Kifurushi hiki kinaruhusu nyumbani au biashara? Na haki hiyo inaisha lini? Kama mkataba unaisha mwezi ujao, usilipie mwaka mzima.

Huenda mtu akasema haya yote ni mambo ya burudani tu, watu wana shida kubwa zaidi. Kumbuka tarehe 7 Februari 2024. Ilikuwa nusu fainali ya AFCON mjini Abidjan, Kongo dhidi ya Côte d'Ivoire. Wakati wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji wa Leopards waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanasema kuhusu mauaji ya mashariki mwa nchi yao, na ukimya wa dunia. Walifungwa 1-0, lakini picha ile ilizunguka dunia nzima.

Ile ilikuwa mechi ambayo mwezi mmoja kabla, wengi katika ukanda huu walikuwa wameambiwa hawataiona. Kwa aliyekimbia Rutshuru au Masisi na kukaa kwenye benchi la kibanda ugenini usiku ule, kujua mechi iko chaneli gani hakukuwa jambo dogo.